Kijana Mkorofi Amepitia Nyumba Ngapi?

Januari 2015 Dar es Salaam ilishikwa na hofu ya Panya Road, makundi ya vijana wenye mapanga wanaovamia na kupora. Maduka yalifungwa mapema, watu wakakimbia kwa uvumi tu kwamba "wanakuja", na simu zikajaa ujumbe wa kutisha ambao hakuna aliyejua ulianzia wapi. Hofu ile ikarudi tena 2022. Mara zote mbili mjadala ulipita njia ileile: msako, ulinzi shirikishi, adhabu kali, na swali lililoulizwa kwa hasira kwenye kila baraza na kila kipindi cha redio: hawa watoto wazazi wao wako wapi?

Swali lenyewe ni zuri. Kasoro ni kwamba tunaliuliza kama tusi, kisha hatusubiri jibu. Kaa na afisa ustawi wa jamii mwenye uzoefu, au na mlezi wa makao ya watoto, atakueleza kwamba kijana anayefikishwa mikononi mwake mara nyingi ana watu, tena wengi. Mama alifariki au aliolewa kwingine, mtoto akabaki kwa bibi. Bibi akazidiwa na uzee, mtoto akachukuliwa na baba mdogo. Mke wa baba mdogo akachoka naye. Akapelekwa mjini kwa shangazi "akasome", akaishia kuosha vyombo na kupigwa, akatoroka. Akaokotwa stendi, akaingizwa kituoni, akapigana na wenzake, akahamishiwa kituo kingine. Hajafika miaka 15, na ameshajifunza kufunga mizigo yake kwa dakika tano.

Ndiyo maana naona swali la wazazi halitoshi. Tuulize pia: huyu kijana amepitia nyumba ngapi, na kila moja aliondokaje? Nadai kwamba mateso ya utotoni humjeruhi mtoto kwelikweli, ila kinacholikuza jeraha hilo mpaka likawa tabia ya hatari ni ile dawa tunayoipenda kuliko zote, ya kumwondoa. Akisumbua nyumbani anaondolewa, akisumbua shuleni anafukuzwa, akisumbua kituoni anahamishwa.

Tuanze na jeraha. Mwaka 1989 mwanasaikolojia wa Marekani, Cathy Spatz Widom, alichapisha utafiti unaonukuliwa mpaka leo. Alichukua kumbukumbu za mahakama za watoto 908 waliothibitika kupigwa, kunajisiwa au kutelekezwa wakiwa wadogo, akawalinganisha na watoto 667 wa umri, jinsia, rangi na hali ya maisha inayofanana nao lakini wasio na kumbukumbu hizo. Katika kundi la kwanza, asilimia 26 walikuja kukamatwa na polisi kabla ya kufikia utu uzima. Katika kundi la pili ni asilimia 17.

Namba hizi husomwa nusu nusu. Wapo wanaozitumia kusema mtoto aliyeteswa lazima atakuja kutesa. Lakini katika kila wanne walioteswa, watatu hawakukamatwa. Na liko jingine ambalo wengi huliruka: waliotelekezwa tu, ambao hawakupigwa bali walinyimwa chakula, uangalizi na mtu wa kuwajali, nao walikamatwa kwa makosa ya ukatili kuliko wenzao, wakiwafuata kwa karibu wale waliopigwa. Kwetu hilo lina uzito wake. Tumezoea kufikiri kwamba mateso ni alama za fimbo mgongoni. Mtoto anayelala njaa ndani ya nyumba yenye chakula hana alama ya kumwonyesha mtu yeyote.

Huku kuumia kunafanyaje kazi? Mtafiti Seth Pollak wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliwaonyesha watoto picha za nyuso ambazo mwanzoni hazionekani vizuri, kisha zinakuwa wazi kidogo kidogo. Watoto waliowahi kupigwa nyumbani waliitambua hasira mapema kuliko wenzao, wakati picha bado ni ya kubahatisha. Waliotelekezwa walikuwa na shida nyingine: walipata tabu kuzitofautisha hisia za nyuso, maana hawakupata mtu wa kukaa naye uso kwa uso vya kutosha wakajifunza. Naye Kenneth Dodge na wenzake walionyesha mwaka 1990 kwamba watoto waliopigwa hulitafsiri kosa la bahati mbaya kuwa uchokozi wa makusudi. Ukimkanyaga kwa bahati mbaya, yeye anaamini umedhamiria.

Sasa mweke mtoto huyo kwenye darasa la wanafunzi zaidi ya 70. Mwalimu anainua mkono afute ubao, yeye ameshainama. Mwenzake anamgusa begani kwenye foleni ya maji, yeye ameshageuka na ngumi. Kwa nyumba aliyokulia, kuijua hasira ya baba sekunde mbili kabla haijalipuka ndiko kulikomwokoa. Ule ulikuwa werevu. Darasani tunauita ukorofi, tunauandika kwenye daftari la makosa, na tunautibu kwa viboko. Kanuni za elimu za Tanzania bado zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vichapwe na mwalimu mkuu au aliyemkasimu kwa maandishi. Kila aliyesoma hapa nchini anajua kanuni hiyo inavyoheshimiwa.

Na watoto hawa si wachache. Tanzania ilifanya uchunguzi wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto mwaka 2009, matokeo yakatoka 2011, ikawa nchi ya kwanza Afrika kupima kwa pamoja ukatili wa kingono, wa kimwili na wa kihisia kwa wasichana na wavulana. Karibu wasichana watatu katika kila kumi, na mvulana mmoja katika kila saba, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu ya wote, wasichana kwa wavulana, walikuwa wamepigwa ngumi, mateke, fimbo au kutishiwa silaha na ndugu, mwalimu au mpenzi. Kati ya wavulana waliofanyiwa ukatili wa kingono, ni kama theluthi moja tu waliomwambia mtu yeyote.

Kama kupigwa peke yake kungetosha kumfanya mtu jambazi, basi robo tatu ya nchi ingekuwa barabarani na mapanga. Haiko hivyo. Kwa hiyo kuna kitu kati ya jeraha na panga, na kitu hicho ndicho kinachostahili pesa zetu na usingizi wetu.

Ushahidi mzito kuliko wote ninaoujua ulitoka Romania. Utawala wa Nicolae Ceaușescu ulipiga marufuku utoaji mimba mwaka 1966 ukitaka taifa liongezeke haraka, na ulipoanguka Desemba 1989 dunia ikaona matokeo: zaidi ya watoto 100,000 wamejazwa kwenye taasisi za serikali, wengi wao wana wazazi walio hai. Miaka kumi hivi baadaye, watafiti watatu wa Marekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, waliwachukua watoto 136 wa taasisi za Bucharest, wote wakiwa na umri wa chini ya miaka mitatu. Kwa bahati nasibu, nusu walipelekwa kwenye familia za malezi ya kambo, yaani zinazomlea mtoto asiye wao, zilizotafutwa na kufunzwa mahsusi, nusu wakabaki kwenye utaratibu wa kawaida. (Swali la uadilifu wa jambo hilo liliulizwa na linafaa kuulizwa. Jibu lao ni kwamba mjini hapo malezi ya kambo yalikuwa karibu hayapo, na hakuna mtoto aliyezuiwa kuondoka taasisini familia ilipopatikana.)

Waliopelekwa kwenye familia walikua vizuri zaidi: akili, lugha, uwezo wa kumng'ang'ania mtu mmoja na kumwamini. Waliohamia kabla ya kutimiza miaka miwili walifaidika zaidi. Lakini kilichonishika mimi ni matokeo ya walipofika miaka 12. Watafiti walipowatenganisha waliobaki kwa mlezi yuleyule wa mwanzo na wale ambao familia zao ziliwaachia njiani, tofauti ya matatizo ya tabia ilijitokeza wazi. Walionufaika hasa ni wale ambao hawakuhamishwa tena. Kupelekwa kwenye familia lilikuwa jambo jema, na kuachwa hapo likawa jema zaidi.

Huko San Diego, California, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta hata watoto walioingia kwenye malezi ya kambo bila tatizo lolote la tabia walianza kuwa nayo kadiri walivyohamishwa. Kwa maneno mengine, mfumo ulipokea watoto watulivu na ukawafundisha ukorofi.

Uingereza nayo ina somo lake. Lord Laming aliongoza tathmini iliyotoka mwaka 2016 kuhusu watoto walio chini ya uangalizi wa serikali. Watoto hao hawafiki asilimia moja ya watoto wote wa England, lakini ndani ya magereza ya vijana theluthi moja ya wavulana na zaidi ya nusu ya wasichana walikuwa wamepitia uangalizi huo. Ukisikia hivyo utadhani wote ni wahalifu watarajiwa. Tathmini hiyohiyo ilisema asilimia 94 ya watoto walio chini ya uangalizi hawaingii matatani kabisa. Na kati ya wale wachache walioingia, wamo walioanza kwa mambo ya kijinga: kikombe kimevunjwa, mlango umepigwa teke, msimamizi wa makao anapiga simu polisi. Mtoto wa nyumba ya kawaida akivunja kikombe anagombezwa na maisha yanaendelea. Wa kwenye makao anafunguliwa jalada.

Je, basi mtoto aachwe kwao hata akiteswa? Wapo wanaotaka kunipeleka huko, na utafiti mmoja unawapa nguvu. Mchumi Joseph Doyle alichunguza watoto wa Illinois ambao hali zao zilikuwa za utata, afisa mmoja angewaondoa nyumbani na mwingine angewaacha. Mwaka 2007 aliripoti kwamba, kwa watoto hao wa katikati, walioachwa kwao walifanya vizuri kuliko walioondolewa. Miaka kama 15 baadaye Max Gross na Jason Baron wakatumia mbinu hiyohiyo Michigan, wakapata kinyume: walioondolewa walisoma vizuri zaidi na hata ukubwani walikamatwa mara chache. Wengi wao, hata hivyo, hawakukaa huko muda mrefu. Wazazi walisaidiwa, na watoto wakarudi nyumbani iliyotengemaa. Sioni kama tafiti hizi zinagombana. Kumwondoa mtoto kunaokoa pale mwisho wake unapokuwa umepangwa, na kunaharibu pale inapokuwa ndiyo mwanzo wa kutangatanga.

Nyumbani kwetu hatuna maelfu ya familia za kambo zenye mikataba na posho. Sheria ya Mtoto ya 2009 inayatambua malezi ya kambo na familia za kuaminika, na maombi hupitia ustawi wa jamii, lakini wanaofuata njia hiyo ni wachache. Malezi yetu mbadala halisi ni ukoo. Zaidi ya mtoto mmoja katika kila kumi nchini anaishi bila baba wala mama, na karibu wote wako kwa ndugu.

Najivunia utaratibu huo. Uliwabeba yatima wa ukimwi wakati serikali na mashirika bado wanafanya semina, na bibi wa Kagera aliyelea wajukuu sita kwa migomba yake hakusubiri posho ya mtu. Lakini kujivunia kusitufumbe macho. Mtoto akiingia kwenye makao yaliyosajiliwa, angalau lipo faili na yupo anayetakiwa kumkagua. Akiingia kwa shangazi wa Mbagala hakuna anayebisha hodi. Ndani ya nyumba hiyo anaweza kuwa mwana, au mfanyakazi asiyelipwa anayeitwa mwana mbele ya wageni. Wote wawili wanaonekana sawa kutoka barabarani. Na kwa kuwa amepewa hifadhi, hana haki ya kulalamika: "Hivi ningekuacha kijijini ungekuwa wapi?" Msemo kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye unatumika hapo kwa ukali kuliko kwa watoto wa kuzaa.

Rwanda wamejaribu jambo linalofaa kutazamwa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta watoto na vijana 3,323 kwenye taasisi 33, wengi wao wakiwa na ndugu wanaojulikana. Mwaka uliofuata ukaanza mpango wa kuwarudisha kwenye familia, na pale ndugu waliposhindikana wakatafutwa walezi wa kambo wanaoitwa Malayika Mulinzi. Kilichonivutia zaidi ni watu wa kujitolea wawili kwa kila kijiji, Inshuti z'Umuryango, yaani marafiki wa familia. Kazi yao ni kupita, kukaa, kuuliza mtoto anaendeleaje, na kutoa taarifa mambo yakiharibika. Mgeni wa mara kwa mara anayemjua mtoto kwa jina hubadilisha mengi ndani ya nyumba.

Sisi tuna kamati za ulinzi wa wanawake na watoto kwenye vijiji na mitaa, zilizoundwa chini ya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili, MTAKUWWA, ulioanza 2017. Tuna mabalozi wanaojua nani kalala wapi. Tuna namba 116 ambayo mtoto anaweza kupiga bure. Kamati nyingi huamka mtoto ameshabakwa au ameshaungua. Zingepewa kazi ndogo zaidi na ya mapema: kila mtoto anayehamia mtaani bila wazazi wake ajulikane ndani ya mwezi, atembelewe, na aulizwe maswali akiwa peke yake, mwenye nyumba akiwa nje. Kuna watakaosema huko ni kuingilia familia. Ndiyo, ni kuingilia. Familia inayomlea mtoto wa watu vizuri haipungukiwi kitu kwa kutembelewa.

Walezi nao wanahitaji kuambiwa ukweli kabla mtoto hajafika. Wanaambiwa tu "msaidieni, ni yatima", na wanategemea shukrani. Anakuja mtoto anayeficha ugali chini ya godoro ingawa anakula mara tatu kwa siku. Anaiba shilingi mia tano ambayo angeomba angepewa. Anadanganya pasipo sababu. Miezi miwili ya kwanza ni mtulivu wa kupindukia, halafu siku anapoanza kuzoea ndipo anaporipuka, na mlezi anaona kasalitiwa: "Tumemtendea wema wote huu!" Kwa mtoto aliyefukuzwa nyumba tatu, mapenzi ya nyumba ya nne ni jambo la kutilia shaka. Anaisukuma aone kama itaanguka kama zile nyingine, na ni afadhali ianguke mapema kabla hajaipenda sana. Mlezi akimrudisha alikotoka, mtoto amepata jibu alilolitarajia. Akiwekewa chakula mahali anapojua ni pake, akaadhibiwa kwa kosa bila kutishiwa kufukuzwa, na kesho yake akaamshwa kwenda shule kama jana, jaribio linachukua muda mrefu lakini linaisha. Si kwa wote. Wapo walioumia kiasi kwamba upendo wa nyumbani peke yake hauwatoshi, wanahitaji mtaalamu wa saikolojia ya watoto, na hao kwetu ni wa kutafuta kwa tochi.

Najua mwenye kovu la panga hatafarijika akisoma haya, na wala simwombi afarijike. Aliyemjeruhi awajibike. Kijana anayetembea na silaha anajua anachofanya, na kumhurumia mpaka kumvua dhamana ya matendo yake ni dharau ya aina nyingine, maana ni kumwambia kwamba yeye ni matokeo tu ya waliomtesa. Vijana wengi waliolelewa kwa mateso wanalichukia fundisho hilo, kwa sababu wao wamechagua vingine na wanajua iliwagharimu nini.

Lakini kuwajibishwa nako kuna namna. Sheria yetu inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo gerezani, na Mahakama ya Watoto inaweza kumpeleka Shule ya Maadilisho Irambo, Mbeya. Kwa kijana wa Temeke huko ni zaidi ya kilomita 800 kutoka kwa mtu yeyote anayemjua. Kwenye hesabu ya nyumba alizopitia, imeongezeka moja. Akimaliza muda wake anarudishwa, na swali la anarudi kwa nani huulizwa akiwa ameshashika begi.

Kabla mahakama haijaamua, afisa ustawi huandaa taarifa ya uchunguzi wa kijamii. Ningependa taarifa hiyo iwe na ukurasa mmoja unaojazwa bila kukosa: kila nyumba ambayo mtoto ameishi tangu azaliwe, kwa muda gani, nani alikuwa mlezi, na aliondoka kwa sababu gani. Mwisho wa ukurasa liandikwe jina la mtu mzima mmoja, awe ndugu, mwalimu, shehe, mchungaji au kocha, aliyekubali kwa sahihi yake kumfuatilia kijana huyo popote atakapopelekwa mpaka atimize miaka 21. England wameshaona kwamba miaka 18 ni mapema mno kumwachia mkono, na tangu 2014 kijana anaweza kubaki kwa mlezi wake wa kambo hadi 21 kama wote wawili wanataka. Mtu huyo atahitaji nauli ya Mbeya angalau mara moja kila miezi mitatu. Fedha za msako hupatikana ndani ya siku moja watu wakishaogopa. Na hiyo nauli iwekewe kifungu chake kwenye bajeti ya halmashauri.